Si lazima apasuliwe kifua

Pole sana, dada yangu. Umesema midomo ya binti yako wa miaka 9 inageuka bluu akikimbia, picha ya CT (eksirei ya kompyuta) imeonyesha mishipa ya damu isiyo ya kawaida pafuni, na unaogopa atapasuliwa.

Mara nyingi hawapasuliwi. Kwenye mishipa hiyo, ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) imeungana moja kwa moja na vena (mshipa unaorudisha damu moyoni), bila vimishipa vyembamba vya katikati ambako damu huchukua oksijeni na kuchujwa. Kinachonitisha zaidi si kuhema, ni bonge la damu au bakteria kupenya hadi ubongoni. Kwa hiyo usiahirishe.

Mtoto huchomwa dawa ya usingizi, daktari anatoboa tundu dogo kwenye kinena, anapitisha mrija mwembamba ndani ya vena, kupitia moyo, hadi ateri ya pafu. Akifika, anaacha visipringi vya chuma au kizibo, njia inafungwa. Siku chache baadaye kifua kinaweza kuchoma akivuta pumzi, na homa kidogo. Mwone daktari, ingawa kwa kawaida hupoa.

Uliza daktari wa radiolojia tiba, yaani anayetibu kwa mrija huku akiongozwa na picha; hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wapo.

Halafu nijibu: nyumbani kuna wanaotokwa damu puani mara kwa mara? Wewe, baba yake, bibi? Kama wapo, huenda ni ugonjwa wa kurithi, na ndugu zake wapimwe.

Kabla ya kung'olewa jino apewe antibayotiki. Akiwekewa dripu, sisitiza mrija usiwe na hewa. CT ya kurudia usiikose, mshipa huweza kufunguka tena.