Korongo Kavu Ndilo la Kuogopwa

Watu wakinitafuta kwa ushauri kabla ya kwenda kutembea kwenye makorongo, huanza na nyoka, wakaja kwa nyati, wakamalizia na viatu. Ni nadra mtu aniulize mvua ilinyesha wapi jana, na mimi ningeanzia hapo hapo. Korongo ni nyumba ya maji. Ukilikuta kavu, mwenyewe ametoka tu, na akirudi hapigi hodi.

Chukua Ol Njorowa, korongo lililo ndani ya mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa pana na lenye kina kuliko leo, likawa linamwagikia upande wa kusini. Maji hayo ndiyo yaliyoichimba njia hii katika miamba laini iliyotokana na majivu ya volkano. Baadaye ziwa likashuka. Siku hizi halina mto wowote unaotoka ndani yake juu ya ardhi, na ukishuka korongoni katika siku za kiangazi utakanyaga mchanga mkavu, mawe, na vijito vyembamba vya kuruka kwa hatua moja. Kuta zimelainishwa zikawa na mikunjo mikunjo, na kuna mahali zinakaribiana hadi unapita kwa kujibana, mbingu ikibaki utepe mwembamba juu yako.

Ubana huo ndio watu wanaoufuata, na ndio unaoua. Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walifia humo baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta ndani. Septemba 2019 watu wengine saba wakafa kwa namna ile ile, na korongo likafungwa kwa muda. Mvua haihitaji kukunyeshea wewe. Inatosha inyeshe kwenye miinuko iliyo juu ya korongo; maji yote ya huko yanakusanyika na kuingia kwenye mfereji mmoja, na mfereji huo ndio ulimosimama ukipiga picha. Penye upana yangepita chini ya magoti yako, lakini penye ubana yanapanda juu ya kichwa kabla hujamaliza kujiuliza ile ni sauti ya nini.

Kwa hiyo mimi huingia asubuhi. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa mvua nyingi hupenda kunyesha alasiri, basi ukianza kushuka saa mbili au saa tatu, saa sita ikufikie umeshatoka unakula. Miezi ya mvua ndefu, Machi hadi Mei, sishuki kabisa. Naendesha baiskeli huko juu, natazama pundamilia na twiga, na sioni kama nimekosa kitu. Hata wakati wa kiangazi, ukiwa getini uliza kama korongo liko wazi leo na kama kumenyesha usiku. Askari wa wanyamapori akisema halishukiki, usianze kumweleza ulivyotoka mbali.

Kuhusu mwongozaji, chukua. Najua wapo wanaoona ni hela ya bure kwa sababu njia "inaonekana". Inaonekana ukiwa unaelekea chini. Ukigeuka, matawi ya korongo yote yanafanana. Mwenyeji wa pale anajua ni ukuta gani unapandika na upi unamomonyoka. Swali langu la kwanza kwake, kabla hata hatujaanza kuteremka, huwa: "Kaka, tukishikwa na maji tunatokea wapi?" Anayejua kazi yake ataitaja sehemu moja baada ya nyingine, na atakuonyesha kila mnapopita. Akicheka na kukwambia maji hayawezi kuja, mshukuru kwa heshima, mtafute mwingine. Bei mkubaliane juu, mbele ya wenzako wote, msije mkabishania shilingi mkiwa mmechoka.

Mkiwa ndani, inua macho mara kwa mara. Ukiona vijiti na nyasi kavu zimenasa kwenye nyufa za mwamba juu ya kimo chako, hicho ndicho kimo ambacho maji yaliwahi kufika hapo. Kijito kilichokuwa safi kikianza kuwa na tope, majani na vijiti vikaanza kuelea, au mkasikia mngurumo usiokatika, msikimbie kufuata korongo mkidhani mtayashinda maji mbio. Pandeni pembeni, popote panapopandika, mizigo muache.

Viatu ni raba zenye meno, zilizokwisha kuzoea miguu yako. Ule mwamba laini ukilowa unateleza vibaya, na kuna sehemu utashuka kwa makalio na mikono, wengine kwa kamba. Ndiyo maana mkoba uwe wa mgongoni, na simu ikae ndani yake, isiwe mkononi. Kuna chemchemi za maji moto yanayotiririka ukutani; eneo zima lina joto chini, na Olkaria, jirani kabisa, imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981. Usijaribu maji hayo kwa kidole ili ujue kama ni moto kweli. Ni moto kweli.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kutoka Elsa Gate hadi korongoni ni safari yenyewe, kilomita kadhaa kwenye vumbi, na ndiyo sababu wengi hukodi baiskeli. Ikague breki hapo hapo unapokodi. Nyati wapo na hawana habari na wewe ni mgeni wa nani, kwa hiyo kundi likiwa karibu na barabara, simama mbali usubiri wahame. Nguvu nazo zigawe, kwa maana ukizimaliza zote kwenye kuta za korongo, utaburuta baiskeli hadi getini.

Ukitaka korongo la aina nyingine kabisa, vuka uende Tanzania, Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Kule mto upo, na maporomoko ndiyo mwisho wa matembezi. Unavuka maji mara kwa mara, pengine hadi mapajani, na waongozaji wa Kimaasai wanapita na makatambuga yao kama wako sebuleni. Wewe vaa sandali zinazofungwa nyuma ya kisigino, maana kandambili itakuvuka na kwenda zake. Hofu kubwa huko ni jua. Sakafu ya bonde iko chini, joto linaanza mapema, na mwamba hulihifadhi hadi jioni. Kule hubeba maji ya kunywa zaidi ya niliyodhani nayahitaji, kitambaa cha kichwani, na chumvi kidogo kwenye chakula.

Kama una watoto, kwa maoni yangu Engare Sero ni afadhali, mradi mto uko chini na kila mtoto ana mtu mzima wa kumshika mkono wakati wa kuvuka. Ol Njorowa mtoto asiyeweza kujishusha mwenyewe kwenye mwamba simpeleki, hata akilia. Kuna mlima mdogo wa mwamba uitwao Fischer's Tower, karibu na Elsa Gate, wenye pimbi wanaoota jua bila woga, na watoto niliowapeleka pale walikaa muda mrefu kuliko sisi tulivyotaka.