Altaneta Husingiziwa Mengi: Majibu kwa Wenye Magari Yasiyochaji

Maswali ya chaji yamerundikana, na karibu yote yanaanza na maneno yale yale: "Nimeshabadilisha betri." Mengine yanaendelea: "na altaneta pia," yaani ile mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme na kuchaji betri. Kwa hiyo leo nayajibu kwa mpigo. Ombi moja tu kabla hatujaanza: tafuta mita ya umeme ya kushika mkononi. Hata ile rahisi kabisa inatosha. Bila mita tunabaki kupiga ramli.

Fundi, betri yangu haina hata miezi miwili. Jioni nazima gari likiwa zima kabisa, asubuhi stata inafanya "tik" basi. Altaneta imekufa?

Huenda, ila bado hatujaihoji. Asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, pima betri. Volti 12.6 maana yake imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo hivi. Kisha washa injini (busti, yaani azima umeme wa betri ya gari jingine, ukilazimika) na upime tena pale pale kwenye vichwa vya betri. Magari mengi yatasoma kati ya 13.8 na 14.7. Washa taa kubwa na feni ya ndani. Kama mita inabaki juu ya 13.5, altaneta inafanya kazi yake na mwizi yuko kwingine. Kuna kitu kinanyonya umeme usiku wakati wewe umelala.

Mwizi huyo anakamatwa hivi. Zima kila kitu, funga milango, chomoa waya wa hasi, kisha unganisha mita, ikiwa upande wa ampea, kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Mwanzoni itasoma juu, usishtuke: kompyuta za gari hazijalala bado. Ziache nusu saa, na kwa magari mengine hata saa nzima. Baada ya hapo, chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ikisoma ampea 1, piga hesabu: kwa saa 24 zimekwenda ampea-saa 24, na betri ya ampea-saa 60 imeshapoteza asilimia 40 ya mali yake. Sasa chomoa fyuzi moja moja huku ukiitazama mita. Ikishuka ghafla, fyuzi hiyo ndiyo inayokupeleka kwa mwizi. Mimi niliyemkuta mara nyingi zaidi ni taa ya buti isiyozimika kifuniko kikifungwa. Huioni, na haikuoni.

Umemaliza fyuzi zote na mita haijatikisika? Gari likiwa limelala usiku kucha, weka kiganja kwenye altaneta. Ikiwa ya uvuguvugu ilhali injini nzima ni baridi, dayodi (mlango wa umeme wa njia moja ulio ndani yake) imevuja na umeme wa betri unarudi kinyumenyume kupitia humo. Hapo ndipo altaneta ina hatia.

Taa ya betri kwenye dashibodi inawaka kwa mbali tu, tena usiku ndiyo naiona vizuri. Nikikanyaga mafuta inaongezeka. Gari linatembea bila shida.

Linatembea bila shida leo. Taa hafifu namna hiyo inanifanya nishuku dayodi. Ndani ya altaneta umeme unazalishwa kwenye mizunguko mitatu ya waya, na dayodi ndizo zinazougeuza uwe wa kwenda njia moja, ule betri inaoweza kuumeza. Moja ikikatika, altaneta inachechemea: volti zinaweza kuonekana nzuri injini ikiwa haina mzigo, kisha zinaanguka ukiwasha taa na feni. Dalili nyingine ni taa za mbele kupepesa, na redio kulia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini.

Geuza mita upande wa mkondo geu (AC), pima kwenye betri injini ikiunguruma na taa zikiwa zimewaka. Ikizidi volti 0.5, umeme mchafu unapenya. Altaneta ishushwe, dayodi zipimwe, na kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) ziangaliwe hapo hapo kwa kuwa imeshafunguliwa.

Yangu ni kinyume: taa ya betri haiwaki kabisa, hata nikifungua swichi kabla ya kuwasha injini.

Basi usifurahi. Kwenye magari mengi, hasa ya zamani, umeme mdogo unaopita katika taa hiyo ndio unaoizindua altaneta. Balbu ikiungua, altaneta inaweza kukaa kimya mpaka uivutie mafuta kwa nguvu, au isiamke kabisa. Anza na balbu na waya wake.

Jirani ananiambia nivue waya wa betri injini ikiwa inawaka. Gari likizima, altaneta ni mbovu. Ni kweli?

Mshukuru jirani, usimfuate. Betri, mbali na kuhifadhi umeme, hutuliza mawimbi yake. Ukiivua ghafla altaneta ikiwa inazalisha, volti zinaruka kwa kufumba na kufumbua, na zinaweza kupita 40. Magari ya zamani yasiyo na kompyuta yalivumilia mchezo huo. La sasa linaweza kukuunguzia kompyuta ya injini, dayodi na redio kwa mkupuo mmoja, nawe hujajua lolote ambalo mita isingekuambia.

Nimebadilisha altaneta mara mbili. Kwenye altaneta yenyewe napata 14.4, kwenye betri 13.1. Nibadilishe ya tatu?

Hapana, ndugu yangu! Majibu umeyaandika mwenyewe. Umeme unatoka vizuri, unapotelea njiani. Volti 1.3 zimeliwa na waya au maungio kati ya hapo na hapo.

Washa injini, taa kubwa na feni, ili pawe na mzigo. Bila mzigo kipimo hiki hakina maana. Weka ncha moja ya mita kwenye skrubu nene ya nyuma ya altaneta, na nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Isizidi volti 0.3. Kisha ncha moja kwenye bodi la altaneta, nyingine kwenye kichwa cha hasi. Hapa isizidi 0.2. Upande utakaosoma kubwa ndio mgonjwa. Usiishie hapo: sogeza ncha hatua kwa hatua, kutoka kwenye waya hadi kwenye kibano chake, kutoka kwenye kibano hadi kwenye nguzo ya betri yenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuaibika. Gari langu mwenyewe lilinichezesha wiki nzima kwa ugonjwa huu. Waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi, ulionekana mpya, ganda leusi linang'aa, boliti imekazwa. Mita ilisoma 0.9 kwenye kipande kisichozidi urefu wa kiganja. Nilipolichana ganda karibu na kibano, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki nzima zilihesabika. Jicho lilikuwa limepita hapo mara kumi.

Asubuhi nikiwasha, au kukiwa na mvua, mkanda unapiga kelele dakika moja kisha unanyamaza.

Huo ndio mkanda unaozungusha altaneta; umelegea au umezeeka na unateleza. Betri ikishatoa umeme wa kuwashia, altaneta huwa na mzigo mkubwa zaidi, ndiyo maana kelele inakuja wakati huo. Tazama upande wa ndani: ukiwa laini na unang'aa kama umepakwa vanishi, badilisha. Usiumwagie mafuta wala sabuni.

Gari langu jipya kiasi linasoma 14.8, baada ya muda 12.8, halafu linapanda tena. Nina wasiwasi.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana chaji inayoamriwa na kompyuta. Altaneta hupunguziwa kazi betri ikishajaa ili kuokoa mafuta. Washa taa na feni uone kama inapanda. Ikipanda, acha kupima.

Kuna harufu ya yai bovu nikifungua boneti, na betri ina joto.

Zima injini, na usiwashe sigara wala kiberiti karibu. Betri inachemka. Ikishapoa na hewa ikipita, washa tena na upime: ikizidi 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, imeshindwa kuizuia altaneta. Ikiwa volti ni za kawaida, chumba kimoja ndani ya betri kimekufa na betri yenyewe ndiyo ya kutupwa. Kwa vyovyote vile hiyo betri usiiamini tena.

Nikibustiwa, niendeshe kwa muda gani betri ijae?

Dakika ishirini za mjini hazitoshi, ingawa ndizo kila mtu hutaja. Betri iliyoisha chaji kabisa inataka saa nyingi, na kuikamua altaneta ifanye kazi hiyo ni kuichemsha bure. Itoe, iweke kwenye chaja usiku kucha, iache itulie saa chache, kisha pima. Kama haifiki 12.4, rudi swali la kwanza, safari hii ukianza na betri yenyewe.