Kichina, Kijapani au Kikorea kando ya shahada ya uchumi?

Mdogo wangu, unasoma uchumi hapo Nairobi na unauliza uchukue lugha ipi ya Asia Mashariki kama somo la pembeni. Kikorea kitakufurahisha mapema, maana herufi za msingi za Hangul, yaani alfabeti yake, ni 24 tu. Sarufi ndiyo itakayokubana baadaye. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, kwa hiyo matamshi si tabu. Tabu ni kanji, yaani vibambo vya asili ya Kichina, 2,136 za matumizi ya kawaida. Kichina hakinyambui vitenzi, ila toni zake nne zitakutoa jasho. (Kama lugha ya nyumbani kwenu ina toni, una nafuu.)

Mimi ningechukua Kichina. Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, ipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na masomo ya historia yatakusaidia kwenye uchumi wenyewe: soma mageuzi ya uchumi ya kiongozi wa China Deng Xiaoping ya kuanzia 1978. Kabla hujajisajili, muulize mratibu wa idara kama vipindi vya lugha vinagongana na vya takwimu. Halafu fanya HSK, mtihani wa kupima ujuzi wa Kichina, ukiwa bado chuoni, kabla hujaanza kuvisahau vibambo.