Safari ya likizo haipunguzi kodi
Muuzaji aliyekuambia kwamba ukinunua zamu ya kila mwaka katika nyumba ya likizo nchini Marekani utaweza kukata nauli na malazi kwenye kodi, mradi uhudhurie mkutano wa wamiliki, amekupotosha. Kwa mtu anayekwenda kupumzika, sheria ya kodi huihesabu safari hiyo kuwa matumizi binafsi, na kuketi mkutanoni kwa saa moja hakuibadilishi hata kidogo. Kinachoweza kukatwa ni riba ya mkopo uliodhaminiwa na nyumba yenyewe, endapo inatimiza masharti ya makazi ya pili. Ada ya matunzo haimo. Ikiwa ulitia saini Florida, sheria inakupa siku 10 za kubatilisha mkataba kwa maandishi, kwa hiyo tafadhali usisubiri.