SAT ni hiari? Mdogo wangu wa shule ya kata, soma hapa kwanza

Wadogo zangu mliomaliza fomu six mnataka kuapply Marekani, naona wengi mnauliza SAT, ule mtihani wa maksi hadi 1600 wa kuombea vyuo vya Marekani, ni ya nini wakati vyuo vimeandika ni hiari. Sikilizeni, hiyo hiari ilisambaa 2020 kipindi cha korona, vituo vya mtihani vilifungwa ikabidi watu waombe bila maksi. Chuo cha MIT wakairudisha SAT kuwa lazima 2022, halafu 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech, kwa hiyo ukifuata ushauri wa bro aliyeingia 2021 utaumia, cheki tovuti ya chuo chenyewe.

Dartmouth walipochimba data zao walikuta madogo wa familia za kipato kidogo wanaficha maksi ambazo zingewabeba, mtu ana 1400 anaona aibu kisa wenzake wana 1500 na kitu, kumbe wasoma maombi wanaangalia pia umetokea mazingira gani. Sasa kwa upande wako, msoma maombi wa huko anaweza asiijue kabisa shule yako, div one ya pointi 3 asijue uzito wake, na barua ya mwalimu ina mistari sita. SAT angalau anaielewa, ndo kipimo kimoja mnachoshea na mtu wa Seoul.

Ila msiuze shamba! University of California hawaiangalii kabisa hata upige 1600. Na msamaha wa ada ya mtihani hautuhusu sisi wa nje, pesa ni yako, so ingia ukiwa umejiandaa. Ukipata 1150 na chuo kinachukua watu wa 1500 na hawalazimishi, usitume, basi.

Hesabu kwa mtu wa PCM sio ishu, kalkuleta ya grafu imo humohumo kwenye Bluebook, programu ya kufanyia mtihani. Kinachoua ni Kiingereza, maswali 54 dakika 64, na ukiboronga nusu ya kwanza ya hayo maswali, nusu ya pili inakuja rahisi na zile maksi za juu ndo umezikosa, kwa hiyo mwanzoni tulia. Jibu la kosa halikatwi maksi, usiache wazi hata moja. Bluebook ni ya bure na mazoezi yamo, sijui kwa nini watu wanalipia tuisheni kabla ya kuyamaliza.

Matokeo ya NECTA yanatoka Julai, vyuo vingi vinafunga maombi mwanzoni mwa Januari, so lenga SAT ya Agosti au Oktoba ili ukiharibu urudie Desemba. Pasipoti anza kuifuatilia sasa hivi.