Claret: divai, rangi au damu?

Swali: Ninatafsiri riwaya ya Kiingereza inayopita karne kadhaa, na neno claret linanisumbua. Mara ni kinywaji, mara ni rangi ya koti, mara linamtoka bondia puani. Kamusi yangu inasema "divai nyekundu", basi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu, kabla hujachagua neno, angalia kwanza tukio ni la mwaka gani. Claret ya miaka ya 1400 na ile ya miaka ya 1800 hazifanani hata kwa macho.

Neno limetoka Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni clarus ya Kilatini, yaani angavu. Maji ya zabibu nyeusi kwa kawaida hayana rangi. Wekundu hutoka kwenye maganda. Zamani maganda hayo yaliachwa ndani kwa muda mfupi tu, kwa hiyo divai ilitoka nyekundu ya kufifia, karibu na waridi. Bordeaux, eneo la divai kusini-magharibi mwa Ufaransa, bado wanatengeneza ya namna hiyo na kuiita clairet. Inua glasi yake kwenye mwanga, utaviona vidole vyako upande wa pili.

Waingereza waliizoea kupitia ndoa. Mwaka 1152 Eleanor, mrithi wa Aquitaine, jimbo lenye Bordeaux ndani yake, aliolewa na Henry, ambaye mwaka 1154 akawa mfalme wa Uingereza, na Bordeaux ikabaki mikononi mwa wafalme hao hadi 1453. Divai ilikwenda kwa mapipa na ikanywewa changa, kabla haijageuka siki. Mhusika wako wa karne ya 15 ukimmiminia "divai nyekundu" tupu, msomaji ataona kinywaji kizito ambacho mtu huyo hakukijua. Andika "divai nyekundu hafifu".

Katika karne ya 17 na ya 18 mashamba makubwa ya Bordeaux yakaanza kutoa divai iliyokolea, ya kuhifadhiwa miaka. Mwaka 1663 Mwingereza Samuel Pepys aliisifu ya Haut-Brion, mojawapo ya mashamba hayo, katika shajara yake kule London. Jina likabaki lilelile, kilichomo kwenye glasi kikabadilika. Kuanzia hapo "divai nyekundu ya Bordeaux" inatosha.

Rangi imetokana na hiyo iliyokolea. Wapenzi wa soka wanaiona kila wiki kwenye jezi za Aston Villa, West Ham na Burnley. Kwa koti lako usihangaike hata kidogo: tunayo damu ya mzee. Mwambie muuza vitambaa unataka damu ya mzee, atakushushia jora lenyewe bila kuuliza mara mbili. Nalipenda sana neno hili, na nasikitika watafsiri wanapolikimbia na kuandika "maruni".

Bondia sasa. Mashabiki wa ndondi wa London waliita damu claret kwa utani wa mitaani. Msimulizi akisema, andika damu. Akisema shabiki aliye ukumbini, mwachie utani wake: "Kashatobolewa pipa, divai hiyo inachuruzika!"