Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege: umbali na muda wa safari

Swali: Kwa basi tunaambiwa Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, ilhali kwa ndege zinatajwa kilomita 850. Ipi ni sahihi?

Jibu: Zote ni sahihi. Barabara huzungukia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, lakini kilomita 850 ni mstari ulionyooka kati ya Uwanja wa Julius Nyerere na ule wa Mwanza, ambao hauigusi Dodoma kabisa bali hupita kaskazini yake, kati ya Kondoa na Babati. Ukikuta imeandikwa 460, hizo ni maili za baharini wanazotumia marubani, na kila moja ni sawa na kilomita 1.852. Ndege yenyewe huruka zaidi kidogo ya mstari huo, kwa kuwa hufuata njia za anga zilizopangwa na mara nyingine hulazimika kuzunguka ili itue ikiukabili upepo.

Swali: Airbus A220 huenda kilomita zaidi ya 800 kwa saa. Mbona ratiba inaonyesha kama saa moja na nusu?

Jibu: Kugawanya umbali kwa kasi ni kudhani kwamba ndege ina kasi hiyo tangu inaposogea hadi inaposimama. Muda wa ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na hukoma inapoegeshwa Mwanza. Kwa hiyo ndani yake kuna kutembea polepole kuelekea barabara ya kurukia, kusubiri zamu, kupaa, na kushuka kwa kasi inayozidi kupunguzwa. Katika safari fupi namna hii, sehemu ya mwendo kamili ni ndogo kuliko abiria wengi wanavyodhani. Mashirika huongeza pia dakika chache za tahadhari, nami naona ni afadhali hivyo kuliko kuahidi muda usiotimizika.

Swali: Safari nyingine ya njia hiyohiyo inakaribia saa mbili. Je, rubani anapita njia ndefu?

Jibu: La. Yaelekea ulipangiwa ndege ya pangaboi, kama Dash 8 Q400, ambayo mwendo wake angani ni mdogo kuliko wa ndege ya jeti. Kwenda Zanzibar, umbali wa kilomita 70 hivi, tofauti hiyo haihisiwi.

Swali: Kwa nini alfajiri ndege huweza kuzungushwa kabla ya kutua Mwanza?

Jibu: Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria, upepo wa pande zote ukaelekea ziwani, na hewa yenye unyevu ikapanda na kufanya mawingu ya radi, ambayo aghalabu huwa makali usiku wa manane hadi asubuhi. Rubani hawezi kuyapenya. Husubiri, huyakwepa, au huelekea uwanja mwingine, na ndiyo maana ndege hubeba mafuta ya ziada.

Swali: Tiketi imeandikwa 00:40, tarehe 12. Nifike lini?

Jibu: Hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku, na tarehe imekwisha kubadilika. Uwe uwanjani jioni ya tarehe 11.